Msakristia, Mbuzi na Matawi ya Mwaka Jana

Katika kigango kimoja cha Kanisa Katoliki kilicho njiani kati ya Ijumbi na Rubya, kazi ya kugonga kengele angeweza kuifanya mtu yeyote mwenye mkono. Kukunja mavazi ya padre, mtu yeyote mwenye meza. Kutunza divai, mtu yeyote asiyekunywa, na hapo orodha ya watu ilianza kupungua. Lakini kutengeneza majivu ya Jumatano ya Majivu, yale wanayopakwa waumini kwenye paji la uso Kwaresima inapoanza, wote walikubaliana, ilikuwa kazi ya Bartholomayo peke yake.

Bartholomayo alikuwa na umri wa miaka sitini na saba. Alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, mke mmoja, watoto watano, na ufunguo wa sakristia aliouvaa shingoni kwa kamba ya kiatu kwa miaka thelathini na mmoja. Aliwahi kufika Mwanza mara moja, kupasuliwa ngiri, na hadi leo akisimulia habari za dunia huanzia hapo. Mara mbili aligombea uongozi, kwanza ubalozi wa nyumba kumi, kisha ujumbe wa chama cha ushirika, na mara zote mbili alishindwa na mtu yule yule, ambaye hata kujinadi hakujinadi. Mtu wa namna hiyo akipata jambo moja ambalo kijiji kizima kinakiri kwamba analiweza, hulishika kwa mikono miwili.

Majivu yake hayakuwa majivu ya kuzoa jikoni. Aliyachoma matawi ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, akayasaga kwa jiwe, akayachekecha mara tatu: kwanza kwa chekecheo la unga, halafu kwa kichujio cha chai, na mwisho kwa kipande cha shela ya harusi ya mkewe, ambacho Adventina alikitafuta miaka minne kabla ya kujua kilikokwenda. Yaliyotoka hapo yalikuwa laini kama poda ya mtoto.

Ndivyo ilivyokuwa hadi Novemba, alipoletwa paroko mpya, Padre Mwijage, kijana mwenye pikipiki na daftari. Kila jambo aliloambiwa aliliandika, na kila aliloliandika alitaka kulirekebisha. Mwezi Januari alimkuta Bartholomayo sakristiani.

"Mzee wangu, nimeambiwa mwaka jana majivu yaliwaingia watu machoni."

"Majivu ni vumbi, Padre. Vumbi huruka."

"Sawa. Lakini nafikiri mwaka huu tutengeneze parokiani kwa ajili ya vigango vyote. Mahali pamoja, kipimo kimoja."

Mkono wa Bartholomayo ulipanda wenyewe hadi kwenye ufunguo. Padre, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuona mkono ule akalainika kidogo.

"Haya. Mwaka huu tengeneza wewe. Nitakuja mwenyewe Jumatano asubuhi kuadhimisha misa. Yakiwa mazuri, utaendelea na kazi yako. Yasipokuwa mazuri, utanikabidhi na huo ufunguo, upumzike."

Neno hilo "upumzike" lilimkosesha Bartholomayo usingizi siku mbili. Mara ya mwisho alilisikia likisemwa mbele ya jeneza.

Ugumu wa kazi haukuwa kuchoma. Ugumu ulikuwa kuyapata matawi. Jumapili ya Matawi kila familia hubeba makuti ya mkindu yaliyobarikiwa, ikafika nayo nyumbani na kuyachomeka juu ya mlango. Kanisa hutaka yarudishwe mwaka unaofuata kabla ya Kwaresima, ili yachomwe yawe majivu. Lakini mvua za Muleba huja na radi, na hakuna mtu aliyewahi kuona radi ikiipiga nyumba yenye tawi juu ya mlango. Wale waliopigwa, ukiuliza vizuri, utaambiwa walikuwa wamerudisha. Basi kila mwaka Kanisa hudai matawi yake, na waumini huliomba Kanisa lisubiri masika yapite.

Kwa hiyo wiki nzima kabla ya Jumatano, Bartholomayo alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila alikofika alikalishwa, akaletewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaulizwa hali ya ngiri yake, na ndipo mazungumzo ya kweli yakaanza.

"Chukua la sebuleni, Bartho," alisema Kokubanza, mjane mwenye nyumba ya bati jipya. "La chumbani liache."

"Mama, Kanisa linataka yote."

"Kanisa lenu lina kile chuma cha radi juu ya mnara. Mimi juu yangu nina nini?"

"Radi inachagua vyumba?"

"Wewe umeshawahi kuiuliza?"

Hadi Jumatatu alikuwa amejaza nusu ya mfuko wa mbolea, akajihesabu mshindi. Akiwa njiani kurudi mvua ilimkuta, matawi yakalowa. Akaufunga mfuko vizuri, akaupandisha kwenye kichanja cha jikoni, juu ya meko, mahali Adventina anapokaushia mahindi ya mbegu.

"Mfuko huu usiguswe," alimwambia mkewe.

"Miaka arobaini na mbili nimekaa na wewe bila kuchoma mali ya Kanisa," alisema Adventina. "Unadhani nitaanza kesho?"

Hakuanza yeye.

Siku ya Jumanne katika nyumba ile ilikuwa na jina lake: kuaga nyama. Haikuandikwa katika kalenda yoyote ya jimbo. Baba yake Bartholomayo aliianzisha kwa sababu ya kupenda mbuzi, na mwanawe aliiendeleza kwa sababu ya kumheshimu baba. Mbuzi mmoja aliliwa siku hiyo hadi jioni, pamoja na ebitoke, ndizi za kupika zilizofunikwa kwa majani ya mgomba, na asubuhi yake watu wakawa wacha Mungu.

Mchinjaji alikuwa Muharami, shemeji yake, fundi cherehani wa Bukoba mjini. Alimwoa Alistidia, mdogo wake Bartholomayo, ambaye siku hizi huitwa Mwajuma isipokuwa akiwa na mama yake. Kila mwaka Muharami alikuja kuchinja ili na yeye aweze kula, na mwaka huo alikuja na hamu zaidi, kwa sababu kalenda mbili ziligongana: Jumatano ya Majivu na mwezi wa Ramadhani vilitazamiwa kuanza siku moja. Kwake yeye nayo ilikuwa siku ya kuvunja jungu, kula na kufurahi kabla ya mfungo.

"Shemeji," alisema huku akinoa kisu, "nyinyi kesho mnaacha nini hasa?"

"Nyama."

"Na badala yake mnakula nini?"

"Samaki."

"Sato?"

"Sato."

"Wa kukaanga?"

"Akiwepo. Pengine wa nazi, mkeo akinitumia nazi."

"Mwenyezi Mungu awape subira," alisema Muharami. "Mimi mateso hayo nisingeyaweza."

"Na nyinyi mnaokula kuanzia magharibi hadi alfajiri? Mwaka jana Idi ilikukuta suruali haifungi. Fundi mzima ukaazima mkanda."

Walicheka, mbuzi akachinjwa, akachunwa. Adventina akaingia kibanjani kukata majani ya mgomba. Muharami, ambaye haamini kwamba Wahaya wanajua kuchoma nyama, alijitwika jukumu la moto. Bartholomayo akaitwa sebuleni na binti yake Hellen, aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani kusubiri ajira, na ambaye kwa sasa alikuwa akiusubiri ulimwengu kupitia simu.

"Tata, njoo uone. Na wenzetu leo wanaaga nyama."

Bartholomayo alivaa miwani. Kwenye kioo kulikuwa na mji wa Brazili, umati usio na mwisho, na wanawake waliovaa manyoya mgongoni kama tausi, na mbele karibu hawakuvaa kitu.

"Hawa ni Wakatoliki?"

"Wengi wao. Inaitwa kanivali. Na hawa wako Italia, wanavaa vinyago mtu asijulikane. Mji mwingine huko huko wanarushiana machungwa."

"Machungwa mazima?"

"Mazima. Hawa wa Ugiriki wanarushiana unga. Waingereza wanakimbia barabarani na kikaango, chapati za maji zikirushwa juu."

Hellen alitarajia baba yake ashangazwe na manyoya, au akasirike. Bartholomayo alirudi kwenye picha ya Brazili, akaukodolea macho umati kwa muda mrefu, uso ukawa wa huruma.

"Kesho wote hawa wanapakwa majivu?"

"Baadhi yao."

"Hata nusu tu. Hellen, hata robo." Akavua miwani. "Msakristia wao ni nani? Anayapata wapi matawi? Mimi watu mia tatu wamenizungusha wiki nzima."

Alikuwa bado anamhurumia yule mtu wa mbali asiyemjua, akimkadiria magunia, aliposikia mlio kutoka jikoni. Haukuwa mlio wa kuni. Ulikuwa mwembamba, wa haraka, kama mvua kubwa juu ya bati kwa dakika moja. Miaka thelathini na mmoja aliusikia mlio huo mara moja kwa mwaka, kutoka katika chungu chake, na hakuna kitu kingine duniani kinacholia hivyo.

Alipofika jikoni Muharami alikuwa amesimama mikono kiunoni, uso unang'aa kwa moto.

"Shemeji, kuni zenu zimelowa, zinatoa moshi mtupu. Nikatafuta cha kuwashia, nikaona una makuti makavu hapo juu. Tazama moto huo! Haya makuti gani? Hata mjini sijapata."

Juu ya moto ule mbuzi alikuwa akigeuka rangi vizuri sana. Mafuta yalidondoka, moto ukajibu. Mfuko wa mbolea ulikuwa sakafuni, mtupu, umekunjwa kwa adabu na mgeni asiyependa kuacha uchafu.

Bartholomayo alikaa juu ya kinu. Adventina aliingia na majani yake, akautazama mfuko, akamtazama mumewe, akayaweka majani chini polepole kama mtu aliyeingia msibani.

Muharami alipoelezwa, aliinyakua nyama kutoka motoni kwa mikono yake, kana kwamba hilo lingerudisha kitu.

"Basi tukatafute mengine! Kila nyumba si inayo?"

Ndivyo Bartholomayo alivyofanya. Alikwenda moja kwa moja kwa Kokubanza. Alipofika uani, wingu juu ya kilima lilipasuka kwa kishindo. Kokubanza alikuwa ndani, kwenye mlango wa chumba chake, chini kabisa ya tawi alilobakiza.

"Mama, nakuja kwa lile la chumbani."

"Bartho, hiyo umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi mbona unaniuliza?"

Radi ya pili ilimkuta njiani, na nyumba tatu zaidi zilimjibu kwa kufunga mlango. Aliporudi mvua ilikuwa inamwagika, na jikoni watu watatu walikuwa wameyazunguka meko yaliyozimwa.

"Hapa," alisema Hellen, "matawi yote yamo. Hayakuondoka."

"Yamo na kuni," alisema Adventina. "Yamo na mafuta ya mbuzi."

"Majivu si majivu?" alisema Muharami kwa sauti ndogo.

"Angalau wewe nyamaza," alisema Adventina.

Bartholomayo aliyatazama meko. Angeweza kumpigia Padre simu saa hiyo na kumwambia ukweli, na kesho asubuhi ufunguo ungekuwa katika shingo nyingine, au mbaya zaidi, kwenye msumari ukutani, parokiani. Alipiga magoti, akaanza kuyatenga kwa vidole: majivu ya kuni, meupe na mazito, upande huu, ya matawi, meusi na mepesi, upande ule. Jicho lake liliyajua kama jicho la mwingine linavyojua wajukuu. Muharami alichuchumaa kando yake, akawa anatoa vipande vya nyama vilivyoungua, kimoja kimoja, kwa umakini wa mtu anayeokota pini kwenye kitambaa cha wenyewe. Wakayasaga. Wakayachekecha kwa chekecheo, kwa kichujio, na kwa shela.

Yaliyotoka hayakuwa kama poda. Yalikuwa meusi ti, yanang'aa, na yalishikamana. Ukiyasogeza karibu na pua, ungeuliza chumvi iko wapi.

Mbuzi aliliwa. Bartholomayo hakuonja hata kipande. Muharami naye alikula kwa aibu, na mguu mmoja uliobaki akafungiwa aende nao kwa Mwajuma.

Jumatano saa kumi na mbili asubuhi Padre Mwijage alifika. Bartholomayo alikuwa amepanga maneno yake usiku kucha.

"Padre, kuhusu majivu, kuna jambo..."

"Baada ya misa, mzee wangu, tumechelewa." Padre alitoa kipakiti mfukoni na kukiweka mezani. "Nimekuja na ya parokiani, endapo yako yana kasoro. Tutaanza na haya, tulinganishe."

Wakaanza na ya parokiani. Yalikuwa ya kijivu, ya kipimo kimoja. Mtu wa kwanza alipiga chafya. Wa pili yalimwingia jichoni. Wa tatu alikuwa Kokubanza, na mstari wake ulishuka wote kwenye pua na kubaki hapo, akaonekana kama mtu aliyenusa unga. Mtoto mmoja alicheka kwa sauti. Padre alikiweka kipakiti pembeni, akachovya kidole katika bakuli la Bartholomayo.

Msalaba ulikaa. Ulikaa juu ya paji la uso kana kwamba umechorwa na mchora mabango, mweusi, umenyooka, bila punje kudondoka. Padre alisita, akatazama kidole chake, akaendelea. Watu mia tatu walirudi kwenye viti vyao na misalaba ambayo haikupata kuonekana katika kigango kile.

Ndipo kanisa likapata joto, na mapaji ya uso nayo.

Harufu ilianza mbele ikaenda nyuma. Ilikuwa harufu ya mbuzi aliyekolea moto, na kila mtu alidhani anaisikia peke yake. Watu ambao hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana walifumba macho. Wakati wa kimya kitakatifu, matumbo yalisikika yakijibizana kutoka upande wa wanaume hadi upande wa wanawake. Mwenyekiti wa kigango alilia machozi. Mbwa wa Elieza, jirani Mlutheri ambaye hajawahi kuingia humo, wala mbwa wake, alikuja akakaa mlangoni na kuwatazama waumini wote kwa upendo mkubwa. Padre mwenyewe mara mbili alikatisha sala ili ameze mate.

Baada ya misa watu walitoka kimya kimya, vichwa vimeinama. Mwenyekiti alimshika Padre mkono.

"Padre, miaka yote nimefunga kwa mazoea. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejua ninachokikosa."

Sakristiani, Padre Mwijage alifungua daftari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata cha kuandika.

"Yanashika, Mzee Bartholomayo. Nakiri nilikosea. Mwakani utatengeneza ya vigango vyote kumi na viwili. Sasa niambie utaratibu, niuandike. Unayatengenezaje?"

Kalamu ilisubiri. Ufunguo ulikuwa shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu Januari ulikuwa salama kabisa. Neno moja tu la uongo, au hata kimya kizuri, na ungebaki salama hadi kaburini. Bartholomayo aliuvua, akauweka mezani karibu na daftari, kisha akasimulia: kichanja, kuni zilizolowa, shemeji, radi, Kokubanza, shela. Hakuacha kitu.

Padre aliiweka kalamu chini.

"Matawi yalikuwa ya mwaka jana?"

"Yote, Padre."

"Yaliyobarikiwa?"

"Na Padre aliyekutangulia."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi hakubarikiwa." Bartholomayo alifikiri, kwa kuwa alitaka kuwa mkweli hadi mwisho. "Ila Muharami alimsomea ya kwao."

Padre aliuinua mkono wake wa kulia, akakinusa kidole gumba, akafumba macho.

"Tangu matoleo nimekuwa nikiomba msamaha kwa kuwaza mishikaki," alisema. "Nilidhani ni mimi tu." Akalifunga daftari bila kuandika. "Chukua ufunguo wako. Mwakani utayatengeneza parokiani, kwenye chungu chako, mimi nikiwa nimekaa hapo. Na kabla ya mbuzi, si baada. Na habari hii asiijue mtu."

"Ndiyo, Padre."

Habari hiyo Adventina alikuwa amemweleza Kokubanza kisimani alfajiri, kabla hata kengele haijagongwa. Hadi saa nne kijiji kizima kilikuwa kinajua kilichopakwa juu ya paji lake. Wazee walisema ni jambo zito, wakaitaka halmashauri ya kigango ikutane. Lakini hakuna aliyenawa.

Mchana Bartholomayo aliketi mezani mbele ya mlo wake mmoja wa siku: sato wa kuchemsha, kwa sababu Adventina alisema katika hali ilivyo, kukaanga kungekuwa kuzidisha. Simu ikalia. Alikuwa Muharami.

"Shemeji, ufunguo?"

"Upo shingoni."

"Alhamdulillahi. Sasa sikiliza. Jana mawingu yalifunga, mwezi haukuonekana. Sisi tunaanza kesho." Ikasikika sauti ya mtu anayetafuna. "Mguu wako tunao hapa. Mwajuma anakusalimu. Anasema pole na mateso ya sato."

Bartholomayo alikata simu. Alimtazama yule samaki, na samaki akamtazama. Kisha, Adventina alipogeuka kuchukua maji, alipitisha kidole taratibu juu ya paji la uso wake, pembeni kidogo ili asiharibu msalaba, akakisogeza puani na kuvuta pumzi ndefu. Ndivyo alivyoiaga nyama mwaka ule.